Udayagiri, Badami, Elephanta au Mamallapuram? Jinsi ya kuchagua mapango ya kuanzia

Anayekwenda India akiwa na hamu ya kuona mahekalu ya kale ya Kihindu yaliyochongwa ndani ya mwamba hukwama mapema. Majina ni mengi, kutoka sehemu moja hadi nyingine ni safari ya usiku kucha kwa treni, na picha za mtandaoni zote zinafanana: nguzo, giza, mungu mwenye mikono mingi. Wengi wa wasomaji wa Kiswahili hufika India kwa shughuli nyingine kabisa, kama matibabu Chennai au Mumbai, masomo au biashara, na nafasi wanayoipata katikati ni siku moja au mbili. Wapo pia wanafunzi wa usanifu na historia wanaotaka kujua waanze na pango lipi ili mengine yaeleweke.

Hapa tunalinganisha sehemu nne za karne ya 5 hadi ya 8: Udayagiri ya Madhya Pradesh, Badami ya Karnataka, Elephanta iliyo kisiwani mbele ya Mumbai, na Mamallapuram ya Tamil Nadu. Ellora tumeitengea nafasi fupi mwishoni, na sababu tutaieleza.

Vigezo tunavyotumia

Cha kwanza ni jiwe, nalo tumelipa uzito kuliko vingine vyote. Fundi wa Kilwa au Lamu alipanga jiwe juu ya jiwe. Fundi wa mapango haya hakupanga kitu: alikuta mwamba mzima, akaondoa kisichotakiwa, kilichobaki ndicho hekalu. Kwa hiyo ukubwa wa ukumbi, unene wa nguzo na hata pua ya sanamu vilitegemea jiwe lilivyo. Pwani yetu wanalijua jambo hili. Matumbawe laini yanayotolewa baharini huchongwa yakiwa bado mabichi, kisha yakikauka huwa magumu, na ndiyo maana mihrabu za misikiti ya zamani zina nakshi ndogondogo ambazo matumbawe magumu ya nchi kavu yasingezikubali.

Inafaa kujua kazi ilivyokwenda, kwa sababu popote utakapofika utaona alama zake. Uso wa jabali ulisawazishwa kwanza, pakawekwa alama za nguzo za mbele, kisha mafundi wakapenya ndani usawa wa dari. Dari ilimalizwa mwanzo, wakaendelea kushuka hadi sakafuni, hivyo hawakuhitaji jukwaa la kusimamia. Nguzo ni mwamba ulioachwa. Kosa halina dawa: ukivunja kidole cha sanamu hakuna jiwe la kuongezea, na ufa ukijitokeza katikati ya ukuta, ama unabadilisha mpango mzima ama unaliacha pango lilivyo. Mapango yaliyoachwa njiani ni mengi, nayo yanafundisha kuliko yaliyokamilika.

Cha pili ni ramani: mtu anaingiaje, anasimama wapi, na chumba kitakatifu kiko upande gani. Cha tatu ni sanamu. Cha nne ni tarehe na ushahidi wake, maana sehemu nyingine zina maandishi yenye mwaka na nyingine zinakadiriwa kwa mtindo tu. Cha tano ni safari yenyewe.

Udayagiri, Madhya Pradesh

Tahadhari kwanza. Kuna Udayagiri nyingine Odisha, karibu na Bhubaneswar, yenye mapango ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, ya zamani zaidi. Ukiandika jina tu kwenye ramani ya simu unaweza kupelekwa upande mwingine wa nchi. Andika Udayagiri pamoja na Vidisha.

*Jiwe.* Ni jiwe la mchanga, lenye matabaka yaliyolala, laini kiasi cha kukubali patasi bila ubishi. Lakini mafundi wa hapa walikuwa bado wanajifunza kuingia ndani. Mapango yamepewa namba 1 hadi 20, na mengi ni chumba kimoja kidogo. Pango la 1 linaonyesha mwanzo huo waziwazi: mwamba ulikuwa na ukingo wa asili uliojitokeza kama paa, basi wakausimamishia nguzo kwa mbele na kuufanya hekalu. Mengine yalijengewa baraza za mawe ya kupanga mbele ya mlango. Nyingi zimeanguka, na ndiyo maana mgeni huona vijumba vitupu akadhani ndivyo vilivyokuwa. Pango la 19, ambalo ni kubwa kuliko mengine, bado lina mabaki ya ukumbi wake wa mbele.

*Ramani.* Chumba cha mraba na mlango mmoja, basi. Cha kutazama ni mlango. Fremu yake ina umbo la herufi T, kizingiti cha juu kimepita miimo kwa pande zote mbili, na kwenye pembe hizo za juu wamesimama wanawake wanaowakilisha mito, juu ya makara, kiumbe wa majini anayefanana na mamba. Baadaye, katika mahekalu ya India nzima, wanawake hao wa mito watashushwa chini na kusimama mguuni pa mlango. Hapa bado wako juu.

*Sanamu.* Pango la 5 si pango kwa kweli. Ni kishimo kifupi kilichokatwa kwenye ukuta wa jabali, na ndani yake amesimama Varaha, yaani mungu Vishnu mwenye mwili wa mtu na kichwa cha nguruwe dume, akiipandisha dunia kutoka baharini. Ana kimo cha mita 4 hivi, kwenye mchongo wenye upana wa mita 7. Nyuma yake wamepangwa wahenga safu juu ya safu, wadogo kama mbegu, na mawimbi ya bahari ni mistari iliyochorwa kwa patasi mfululizo bila kukatika. Pango la 6 lina mungu wa kike Durga, Ganesha mwenye kichwa cha tembo, na Vishnu wawili kando ya mlango.

*Tarehe.* Hapa Udayagiri haina mshindani. Juu ya Pango la 6 kuna maandishi ya mwaka wa 82 wa kalenda ya Gupta, ukoo wa kifalme wa wakati huo. Ukijumlisha 319 unapata 401, enzi ya mfalme Chandragupta wa Pili. Pango la 7 lina maandishi ya waziri wake Virasena, mtu wa Pataliputra, aliyefika huku akifuatana na mfalme mwenyewe. Pango la 20, la Wajaini, limeandikwa mwaka wa 106, yaani 425 hivi. Katika somo lililojaa makadirio, kupata miaka iliyochongwa mlangoni ni neema.

*Safari.* Kituo ni Vidisha, kwa treni kutoka Bhopal. Stupa za Sanchi, majengo ya ibada ya Kibuddha yenye umbo la kuba, ziko karibu, na sehemu zote mbili zinatosha kwa siku moja ukiwahi asubuhi. Watalii ni wachache.

*Inamfaa* anayetaka mwanzo wa mambo, na asiyehitaji ukubwa ili ashangae. Anayetarajia ukumbi wenye nguzo nyingi atarudi amevunjika moyo.

Badami, Karnataka

*Jiwe.* Jiwe la mchanga tena, safari hii jekundu, lenye mistari ya rangi inayopita kwenye nyuso za miungu kama mishipa. Matabaka yake ni mapana na imara, ndiyo maana dari zimenyooka na kumbi zimeweza kupanuka. Ulaini wake ni faida na hasara. Umeruhusu nakshi za shanga, mikufu na nywele zilizosukwa. Umeruhusu pia mikono ya wageni kulisugua hadi sehemu za chini zikang'aa.

*Ramani.* Kama kuna mahali pa kujifunzia ramani ya hekalu la mwambani, ni hapa. Mapango ni 4, yamepangwa kupanda kwenye kilima: la 1 la mungu Shiva, la 2 na la 3 ya Vishnu, la 4 la Wajaini. Yote yanafuata mpango mmoja. Unapanda ngazi, unaingia baraza yenye safu ya nguzo, unapita ukumbi wa nguzo, na kwenye ukuta wa nyuma kuna chumba kidogo cha mraba, giza tupu, ambamo mungu hukaa. Kila hatua mwanga unapungua na dari inaonekana kukukaribia. Mpango huo ndio utakaojengwa kwa mawe ya kupanga Aihole na Pattadakal, miji jirani isiyo mbali na hapa. Mtu akitembea Badami asubuhi na Pattadakal jioni ameona pango likigeuka jengo, na hakuna sehemu nyingine kati ya hizi nne inayompa nafasi hiyo kwa urahisi namna hiyo.

*Sanamu.* Kabla hujaingia Pango la 1, geukia kulia. Nataraja, yaani Shiva mcheza ngoma, wa mikono 18 anacheza kwenye ukuta wa nje, na mikono yake imetandazwa kama ubavu wa feni. Mchukue mkono mmoja wa kulia na wa kushoto unaolingana nao: unapata mkao kamili wa ngoma. Chukua jozi nyingine, unapata mkao mwingine. Mwili ni mmoja, ila ukiutazama kwa jozi unaona mchezaji anayesogea. Usiharakishe hapa.

Pango la 3 ndilo kubwa, uso wake una upana wa mita 21 hivi. Kwenye baraza yake Vishnu ameketi juu ya nyoka Shesha, si amelala kama ilivyozoeleka, na karibu yake wako Varaha, Narasimha mwenye kichwa cha simba, Harihara aliye nusu Vishnu nusu Shiva, na Trivikrama, Vishnu aliyeinua mguu kupima mbingu. Inua macho kwenye viegemeo vya nguzo: wapenzi wawiliwawili chini ya miti, kila jozi na mapozi yake. Wageni wengi hutoka bila kuwaona kwa kuwa hawakutazama juu. Kuna pia mabaki hafifu ya rangi za michoro ya ukutani.

*Tarehe.* Pango la 3 lina maandishi ya Mangalesha, nduguye mfalme Kirtivarman wa Kwanza wa ukoo wa Wachalukya, ya mwaka wa 500 wa kalenda ya Saka. Jumlisha 78: ni 578. Mapango ya 1 na 2 hayana mwaka, yanakadiriwa kwa kulinganishwa na hilo.

*Safari.* Badami ina kituo cha treni, kilomita kama 5 kutoka mjini. Uwanja wa ndege ulio karibu ni wa Hubballi, kisha mwendo wa kutwa nusu kwa gari. Tenga siku 2 au 3, usije kwa siku moja. Machi hadi Mei kilima huwaka jua. Novemba hadi Februari hali ni nzuri. Ngazi ni ndefu na mwinuko si wa mchezo. Nyani ni wengi na wamezoea watu, kwa hiyo chakula na mfuko wa plastiki visionekane mkononi. Mapango mengi yanatazama kaskazini, hivyo mwanga ni wa kivuli karibu mchana kutwa, jambo zuri kwa mpiga picha.

*Inamfaa* mwanafunzi wa usanifu, na yeyote mwenye muda. Mwenye saa chache, hapana.

Elephanta, Mumbai

*Jiwe.* Basalti, jiwe la volkano linalofunika sehemu kubwa ya Deccan, uwanda wa juu wa India ya kati na kusini. Ni gumu kuliko la mchanga, lakini halina matabaka membamba ya kubanduka, na kwa hiyo lilimruhusu fundi kufanya kitu ambacho wa Udayagiri asingethubutu: kukata ukumbi wenye kina cha mita 39 hivi ndani ya kilima na kuacha nguzo zibaki zimesimama. Kila nguzo ni ya mraba hadi nusu yake, kisha inakuwa duara lenye mifereji, na juu kabisa kuna kichwa mfano wa mto wa kulalia uliobanwa na uzito. Nguzo kadhaa zilivunjika karne zilizopita na kusimamishwa upya, kwa hiyo usipime ufundi wa zamani kwa nguzo yoyote utakayoiona. Tafuta zile ambazo jiwe lake linaungana na dari bila mshono.

*Ramani.* Hapa ndipo Elephanta inapotofautiana na Badami kabisa. Ukumbi una milango mitatu ya mwanga, na njia kuu mbili zinazokutana. Ukiingia kutoka kaskazini, macho yanakwenda moja kwa moja ukuta wa kusini, kwa Shiva wa nyuso tatu. Lakini chumba kitakatifu chenye linga, nguzo fupi ya jiwe inayomwakilisha Shiva, hakiko huko. Kiko upande wa magharibi, kimesimama peke yake kati ya nguzo kama sanduku, na milango minne, kila mmoja una walinzi wawili wakubwa kuliko mtu. Anayeingia kutoka mashariki ndiye anayeelekea kwenye linga. Pango moja, safari mbili. Boti na ngazi za leo zinamleta kila mtu kwa kaskazini, kwa hiyo ukishafika, nenda hadi ukingo wa mashariki, geuka, na utembee upya kuelekea kwenye linga.

*Sanamu.* Shiva wa nyuso tatu, Sadashiva, ana kimo cha mita 5 na nusu hivi, na hapo ni kichwa na mabega tu. Uso wa kati umetulia, macho yamefumbwa. Ulio kushoto kwako ni wa ukali, na mdomo umekunjwa chini ya sharubu. Ulio kulia kwako ni wa kike, na mkononi kuna ua la yungiyungi. Kushoto kwake yuko Ardhanarishvara, nusu mume nusu mke, na kulia Gangadhara anayeupokea mto Ganga kwenye nywele zake. Kuta nyingine zina ndoa ya Shiva, ngoma yake, kuuawa kwa pepo Andhaka, na mfalme wa mapepo Ravana akiutikisa mlima Kailasa, makao ya Shiva. Ni pango la Shiva peke yake, na kila mchongo ni hali moja ya mungu huyohuyo. Majeraha ni makubwa: sehemu za chini za sanamu nyingi hazipo tena. Sadashiva amepona kuliko wote, kwa bahati yetu.

*Tarehe.* Hakuna maandishi. Wareno, waliokipa kisiwa jina hili kwa ajili ya tembo wa jiwe aliyekuwa pale, waliondoa jiwe lenye maandishi na likapotea. Wataalamu wengi huliweka pango katikati ya karne ya 6, wakilihusisha na ukoo wa kifalme wa Wakalachuri. Anayetaka uhakika wa mwaka hataupata hapa. Tembo mwenyewe, aliyevunjika Waingereza walipojaribu kumhamisha mwaka 1864, leo yuko Mumbai bara.

*Safari.* Boti zinatoka Gateway of India, mwendo wa saa moja hivi. Jumatatu pamefungwa, na hili huwanasa wageni kila wiki. Juni hadi Septemba bahari ikichafuka boti zinaweza kusitishwa. Kutoka gatini kuna ngazi zipatazo 120, zenye vibanda vya biashara pande zote. Asiyeweza kupanda atapata wabebaji wenye viti, apatane nao bei kabla. Chukua boti ya mwanzo, maana kuanzia saa tano asubuhi ukumbi hujaa na utulivu wa pango ndio nusu ya kazi yake.

*Inamfaa* aliye Mumbai na nusu siku, na anayependa sanamu kuliko ramani.

Mamallapuram, Tamil Nadu

*Jiwe.* Itale. Tulisema jiwe ndilo linaloamua, na hapa ushahidi uko wazi kuliko popote. Itale hubutua tindo baada ya mapigo machache, kwa hiyo mapango ya Wapallava, ukoo wa kifalme wa huku, ni madogo na hayaingii ndani sana: baraza, pengine safu ya pili ya nguzo, na vyumba vidogo ukutani. Kumbi za kina cha mita 39 hazikuwezekana.

Na kwa sababu kazi ilikuwa ya polepole, mengi yaliachwa bila kumalizwa, na ndani ya hayo unaiona mbinu yenyewe. Mafundi walikata mifereji ya kulala na ya kusimama kwenye uso wa mwamba mpaka ukawa kama mbao ya bao, vimiraba vikiwa vimetokeza. Kisha wakakibomoa kimiraba kimoja kimoja kwa kukipiga kutoka kwenye mfereji, uso ukashuka ndani kiasi cha kiganja. Halafu mifereji mingine, na tena. Ukikuta ukuta uliobaki na vimiraba hivyo, simama hapo. Ni kama kukuta kazi ya jana asubuhi, mafundi wamekwenda kula.

*Ramani.* Mapango yametawanyika kilimani, na kila moja linasomeka kwa kutazama mara moja. Thamani yake ni kwenye nguzo. Wapallava walianza na nguzo ya mraba chini na juu, yenye pembe nane katikati, nzito na bila pambo. Ndiyo unayoikuta Mandagapattu, pango jingine la Tamil Nadu, ambako mfalme Mahendravarman, mwanzoni mwa karne ya 7, aliandika kwamba ametengeneza hekalu bila tofali, bila mbao, bila chuma na bila chokaa. Mamallapuram nguzo inakuwa nyembamba, inarefuka, na chini yake anaketi simba. Nenda kwanza pango la Kotikal kwa nguzo nzito, kisha pango la Varaha kwa nguzo za simba, utaona vizazi viwili vya kazi.

*Sanamu.* Kwenye pango la Mahishasuramardini kuta mbili zinatazamana. Upande mmoja Durga wa mikono 8 amempanda simba, upinde umevutwa, na Mahisha mwenye kichwa cha nyati anarudi nyuma akiwa bado na rungu lake. Udayagiri, Durga yuleyule yuko na nyati aliyekwisha kushindwa. Hapa vita havijaamuliwa. Ukuta wa pili Vishnu amelala juu ya Shesha, mistari yote imelala naye. Ukisimama katikati, kelele ziko upande mmoja na usingizi upande mwingine. Kwa maoni yetu hakuna jozi ya michongo iliyofikiriwa vizuri zaidi ya hii katika mapango yote ya India ya kusini.

*Tarehe.* Kazi nyingi huhusishwa na Narasimhavarman wa Kwanza, aliyeitwa Mamalla, wa katikati ya karne ya 7, na warithi wake. Mjadala wa nani alichonga lipi bado unaendelea.

*Safari.* Basi au teksi kutoka Chennai, kilomita 55 hadi 60. Mvua kubwa za huku ni Oktoba hadi Desemba, si Juni kama Mumbai. Njia ni fupi, lakini mwamba unachoma miguu mchana. Pango la Adivaraha bado linatumika kwa ibada, kwa hiyo vua viatu na ufuate saa zake. Hapohapo kuna zile Ratha tano, mahekalu yaliyochongwa kwa nje kutoka mawe mazima, pamoja na mchongo mkubwa wa wazi wa Mto Ganga. Si mapango, lakini utayaona tu.

*Inamfaa* aliye Chennai, mwenye watoto, na anayetaka kuelewa kazi ya mkono kuliko utukufu wa ukumbi.

Varaha mmoja, mikono mitatu

Ukipata nafasi ya kuona zaidi ya sehemu moja, mfuate Varaha, maana yupo kote isipokuwa Elephanta. Udayagiri, Bhudevi, mungu wa kike wa Dunia, ananing'inia kwenye chonge la Varaha, mdogo, na mungu ni jitu linaloujaza mwamba. Badami amemsimamisha kwenye kiganja, juu ya ua, kwa adabu ya ikulu. Mamallapuram amempakata kwenye goti lililoinuliwa na kumsogezea uso karibu, na jitu limekuwa na ukubwa wa mtu. Kisa hakikubadilika. Kilichobadilika ni umbali kati ya mungu na aliyeokolewa.

Kwa nini Ellora haimo kwenye nne

Ellora, iliyoko Maharashtra, ina mapango 34 ya dini tatu, 17 kati yake ya Kihindu, na kinachoivutia dunia ni Kailasa, Pango la 16, la karne ya 8, lililokatwa kutoka juu kwenda chini hadi likasimama hekalu zima katikati ya shimo, kwa mbinu inayowakumbusha wengi makanisa ya Lalibela, Ethiopia. Hilo ni kilele, halisaidii kuelewa mwanzo. Lakini Pango la 21 ni la karne ya 6, na Pango la 29 lina ramani ya ndugu wa Elephanta, na chumba cha milango minne ndani ya ukumbi. Aliyekosa boti ya Elephanta anaweza kufidia hapo. Ellora hufungwa Jumanne, na Ajanta jirani yake hufungwa Jumatatu. Panga siku zako kwa kuzingatia hilo.

Chagua kwa hali yako

Uko Mumbai, una nusu siku, na si Jumatatu: Elephanta, boti ya asubuhi. Kama ni Julai na bahari imechafuka, usisubiri gatini kutwa. Kama una muda zaidi ya nusu siku, utumie kwa safari ya Ellora, ambayo iko mbali na Mumbai.

Unamuuguza mtu Chennai na umepata siku moja ya kupumua: Mamallapuram, utoke saa kumi na mbili asubuhi urudi kabla ya jua kali. Ukipata siku ya pili, Mandagapattu.

Unasomea usanifu, au unaandika kuhusu hekalu lilivyozaliwa: Badami, pamoja na Aihole na Pattadakal, siku tatu. Ukiweza kuongeza moja tu, ongeza Udayagiri kabla yake, si baada, kwa kuwa mlango wa Udayagiri ukiwa bado machoni utaitambua milango yote inayofuata.

Una wazazi wasiopanda ngazi vizuri: Mamallapuram ndiyo nyepesi, kwa kuwa mapango kadhaa yanafikika bila mwinuko mrefu. Badami ndiyo ngumu. Elephanta iko katikati, ukikubali kulipia kiti.

Unapiga picha: popote uendako, miguu mitatu ya kamera huhitaji kibali cha idara ya mambo ya kale, basi usiitegemee. Beba tochi ndogo na uielekeze kwenye mchongo kutoka pembeni, si kutoka mbele. Mwanga wa mbele hulifanya jiwe liwe bapa. Wa pembeni huonyesha kina cha kila mkufu, na utaona alama za patasi ambazo taa za dari zimezificha.

Na kama huna hakika bado, jiulize kama unataka kutazama sanamu au kutembea ndani ya jengo. Jibu la kwanza linakupeleka Elephanta au Mamallapuram, kutegemea ndege yako inatua wapi. La pili linakupeleka Badami, hata kama ni mbali.